Albamu, sefu, slabu au bima: ulinzi upi unafaa kadi zako

Mpwa wangu aliinuka kwenda kaunta kununua soda, akaacha albamu yake ya kadi za Pokémon juu ya meza. Ilikuwa Jumamosi ya mashindano, duka limefurika, kila meza ina watoto wawili wanaocheza na wengine wanne wamesimama nyuma yao wakichungulia. Alipogeuka alinikuta nimefika mlangoni kumchukua. "Mjomba, albamu haipo." Hakulia pale. Alilia garini.

Ndani yake mlikuwa na kadi mia tatu na ushei, nyingi za bei ya peremende, na moja niliyomnunulia alipofaulu mtihani: Charizard ya Kiingereza ya mwaka 1999, namba 4 kati ya 102. Kona yake ya chini kushoto ilikuwa na alama nyeupe, ndogo kama chembe ya sukari, na mgongoni mkwaruzo mwembamba uliokatiza ule mchoro wa mpira. Wiki tatu baadaye niliona kadi pacha wake inauzwa mtandaoni, maili chache tu kutoka kwetu hapa Coventry. Nikawapigia polisi. Waliniuliza swali ambalo ni haki yao kuuliza: una nini kinachoonyesha kwamba ni yenu, si nyingine ya aina hiyo? Nilikuwa na picha moja ya sikukuu ya kuzaliwa. Kijana ameishika kifuani anacheka, na mwanga wa taa umeifuta nusu ya kadi. Kona haionekani.

Tangu hapo kila aina ya ulinzi ninayosikia naipima kwa maswali mawili. Je, inamzuia mwizi asichukue? Na akishachukua, inamzuia asiuze? Wengi wetu tunalipia jibu la swali la kwanza tu, na hapo ndipo tunapokosea. Kadi ya kawaida ina milimita 63 kwa 88 na uzito usiofika gramu 2. Inaingia mfuko wa shati. Haina IMEI kama simu wala namba ya chesisi kama gari, na iko sokoni dunia nzima: iliyoibwa Coventry asubuhi inaweza kuwa na mnunuzi Ujerumani kabla ya magharibi. Kwa hiyo katika ulinganisho huu swali la pili nalipa uzito mkubwa.

Picha na orodha

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijaona mahali methali hiyo inapokaa vizuri kuliko kwenye kadi. Picha haimzuii mtu yeyote kuiba, lakini ndiyo inayofanya kadi yako iwe yako. Gharama yake ni jioni moja.

Kuna namna ya kupiga inayofaa na namna isiyofaa. Picha ya kadi ikiwa ndani ya kifuko cha plastiki, taa ikiwa juu yake, haina maana kubwa. Itoe kwenye kifuko, mikono iwe mikavu. Bora zaidi tumia skana kwa dpi 600, mbele na nyuma. Kisha chukua simu, zima taa ya juu, washa taa moja ya mezani na uilaze pembeni ili mwanga upite juu ya kadi kama jua la alasiri. Mikwaruzo ambayo huioni mchana itasimama yote. Piga kona nne kwa karibu. Tazama pia ukingo wa rangi: ni nadra sana mchoro kukaa katikati kamili ya kadi, na upana wa ukingo wa kushoto ukilinganishwa na wa kulia ni alama ambayo mwizi hawezi kuibadilisha bila kuikata kadi.

Ushahidi wa namna hii una nguvu kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2019 wakusanyaji wa kadi za michezo huko Marekani walikusanya picha za minada ya zamani, wakaziweka kando ya picha za kadi zilizouzwa baadaye kwa bei ya juu, na kwa kufuata vidoa vya uchapishaji wakaonyesha kwamba ni kadi zile zile, ila kingo zimepunguzwa kwa siri ili zionekane mpya. Kidoa cha wino hakiongopi. Ikiwa picha iliweza kufichua kadi iliyokatwa, itatambua na kadi yako ambayo haijaguswa.

Kwa kadi mia tatu huna haja ya kufanya haya yote kwa kila moja. Chagua kiwango, mimi nimeweka pauni 20. Zilizo juu ya hapo zipigwe moja moja. Zilizo chini, piga ukurasa mzima wa albamu, mifuko tisa kwa mara moja. Weka na risiti. Nakala itume kwenye barua pepe yako mwenyewe, kwa sababu anayeiba nyumbani anaweza kuondoka na kompyuta pia. Kwa wanaoishi Uingereza kuna sajili ya bure iitwayo Immobilise ambayo polisi huitumia kutafuta wenye mali iliyopatikana. Ukipandisha picha zako huko, ndio umemaliza.

Picha zinashindwa mahali pamoja: maboksi mapya ambayo hayajafunguliwa. Boksi moja na jingine ni kama matofali ya kiwanda kimoja. Agosti 2023, wakati waonyeshaji wanajipanga kwa ajili ya Gen Con, maonyesho ya michezo ya mezani huko Indianapolis, Marekani, watu walivuta shehena nzima ya kadi kwa toroli ya mizigo na kutoka nayo ukumbini. Polisi walitaja thamani ya karibu dola 300,000. Mzigo wa namna ile ukishagawanywa boksi moja moja, hakuna kona nyeupe ya kuutambulisha. Kama unaweka maboksi, swali la kwanza ndilo lako: mlango, kufuli, na bima.

Zipu, mkoba na AirTag

Ukilinganisha albamu ya zipu na isiyo na zipu, zipu inazuia kadi kumwagika na inamchelewesha mchomoaji wa kadi moja moja. Haimzuii anayebeba albamu nzima. Albamu ambayo mifuko yake inafunguka kwa ubavuni ni bora kuliko ya mifuko iliyo wazi juu, maana kadi haitoki ikigeuzwa wala haichomolewi kwa vidole viwili wakati unazungumza na mtu.

AirTag ya Apple, kidude kinachokuonyesha kwenye simu mali yako iko wapi, au kifaa kingine cha jamii hiyo, ina upana wa milimita 32 na unene wa milimita 8. Ukiitumbukiza kwenye mfuko wa kadi inaonekana kama jipu, hivyo wengi huificha kwenye uti wa albamu, chini ya kitambaa. Inasaidia sana albamu iliyosahauliwa kwenye basi. Kwa wizi msaada wake ni wa saa chache, kwa sababu simu za iPhone na Android humtahadharisha mtu anayetembea na kifaa kisicho chake. Tahadhari hiyo iliwekwa kulinda watu wasifuatiliwe kwa siri, na ni jambo jema, lakini mwizi naye anafaidika. Na kadi zikishatolewa kwenye albamu, utaifuata albamu tupu hadi jalalani. Ukiona kwenye ramani iko kwenye nyumba fulani, wape polisi anwani. Usiende kubisha hodi mwenyewe.

Kilichotusaidia zaidi hakina betri. Siku hizi mpwa wangu ana albamu mbili: ya kubadilishana, inayotoka nyumbani, na ya kuhifadhi, isiyotoka. Kwenye mashindano mkanda wa mkoba unapita mguuni mwake anapokaa. Charizard kama ile isingekuwa mezani siku ile, na hilo ni kosa langu kuliko lake, kwa kuwa mimi ndiye mtu mzima.

Neno moja kuhusu kalamu za wino usioonekana, ambazo watu huziandikia baiskeli na runinga. Usiiandikie kadi. Kampuni za kupima kadi huihesabu kuwa imechezewa, na utakuwa umejiibia mwenyewe thamani yake. Andikia albamu, boksi na mkoba.

Sefu ya nyumbani au sanduku nje ya nyumba

Hapa chaguo ni kati ya kuwa na kadi karibu na kuwa na usingizi.

Sefu ndogo za bei nafuu madukani, zile za namba za kubonyeza, zinatosha kumzuia mgeni mwenye mkono mwepesi na mtoto wa jirani. Mwizi wa nyumba haifungui, anaibeba ilivyo. Sefu isiyofungwa kwa boliti kwenye sakafu au ukuta ni sanduku la zawadi. Ukinunua Ulaya tafuta alama ya EN 14450. Daraja S1 kampuni za bima za Uingereza huichukulia kuwa inafaa fedha taslimu pauni 2,000 au vitu vya thamani pauni 20,000, na S2 mara mbili ya hapo, kwa sharti kwamba imefungwa kwa boliti inavyotakiwa. Waulize bima yako kwa maandishi kama kadi zinahesabiwa kuwa vitu vya thamani, maana wengine humaanisha vito na saa peke yake.

Kuna tatizo ambalo muuza sefu hatakuambia, na limewaumiza wengi. Sefu za kuzuia moto zina tabaka ndani ya kuta linaloshika maji. Moto ukiwaka, maji hayo huwa mvuke na kupoza ndani. Siku za kawaida unyevu huo hupenya polepole. Kadi za kung'aa zina tabaka la foili upande mmoja na karatasi upande wa pili, karatasi ikinyonya unyevu inatanuka na foili haitanuki, basi kadi inajikunja kama jani la mgomba juani. Weka pakiti za silika, weka kipimo kidogo cha unyevu, na kibaki kati ya asilimia 40 na 50. Pakiti zibadilishwe au zikaushwe, zisiachwe humo miaka. Ujue pia kwamba sefu nyingi za moto zimetengenezwa kwa ajili ya hati. Kipimo cha Marekani kinachotumika sana huruhusu ndani kufika nyuzi 177 za Selsiasi, na karatasi huvumilia hapo. Plastiki ya vifuko na makasha huanza kulegea mapema zaidi.

Sanduku la amana nje ya nyumba linaondoa hofu ya wezi wa mtaa. Benki kubwa nyingi za Uingereza zimeacha huduma hiyo, hivyo utakwenda kwa kampuni binafsi. Ni salama kuliko kabati lako kwa kila hali, lakini usidhani ni ngome ya milele: Aprili 2015, wikendi ya Pasaka, wezi walitoboa ukuta wa zege wa unene wa sentimita 50 kwenye hifadhi ya Hatton Garden mjini London, wakafungua masanduku 73. Huko Marekani watu wengi huamini kwamba bima ya serikali ya amana za benki inafunika na kilichomo kwenye sanduku. Haifuniki.

Njia ya tatu ni ghala la kampuni za kadi zenyewe. PSA, kampuni ya kupima hali ya kadi, wana hifadhi yao Delaware, jimbo la Marekani lisilo na kodi ya mauzo, ambako kadi iliyopimwa inalala, ina bima, na unaweza kuiuza bila hata kuigusa. Kwa mtu anayeichukulia kadi kama hisa, sioni la kushinda hilo. Kwa mtoto anayetaka kuitazama kadi yake kabla ya kulala halina maana yoyote, na kwa aliye nje ya Marekani kuna gharama za posta na forodha kwenda na kurudi.

Kuipimisha au kuiacha mbichi

Kampuni kama PSA, Beckett na CGC hupokea kadi, huipa alama hadi 10, huifungia kwenye kasha gumu la plastiki ambalo wakusanyaji huliita slabu, na kuipa namba ya cheti. Namba hiyo ukiiandika kwenye tovuti yao, utaona ni kadi gani na alama gani, na kwa nyingi za miaka ya karibuni utaona na picha yake.

Kwa swali la pili, hii ni hatua kubwa. Kadi mbichi, yaani isiyopimwa, haina jina. Yenye slabu ina namba unayoweza kuwapa polisi, maduka na wanunuzi. Mwizi ana njia mbili. Aiuze ilivyo, namba ikiwa juu yake, au avunje slabu kwa koleo na kuiuza mbichi. Akiivunja, kadi yenye alama 10 hupoteza sehemu kubwa ya bei yake papo hapo, kwa sababu mnunuzi sasa hana uhakika wa hali yake. Faida ya wizi imepungua, ingawa kadi bado imekwenda. Akiirudisha ikapimwe upya itapata namba mpya, na hapo tena utarudi kwenye kidoa cha wino na zile picha zako.

Wanunuzi nao wajihadhari: zipo slabu bandia zenye namba halisi zilizonakiliwa kutoka kwenye tangazo la mtu mwingine. Kusoma namba hakutoshi, linganisha na picha ya kadi iliyopo kwenye tovuti. Na tazama ukingo wa kasha. Lililofunguliwa na kubanwa tena mara nyingi huacha weupe kama barafu kwenye kiungio.

Gharama ni dola makumi kwa kadi moja, hupanda kadiri thamani inavyopanda, na kungoja ni wiki hadi miezi. Kadi ya pauni 15 usiipimishe kwa sababu ya wizi. Ya pauni 300, mimi naipimisha.

Bima ya nyumba au bima maalumu

Bima ya nyumba, aliye nayo tayari ananufaika nayo bila kulipa zaidi, ila isome vizuri. Tazama kikomo cha kitu kimoja. Tazama kama inafunika mali ikiwa nje ya nyumba, maana kwa mikataba mingi hicho ni kifungu cha kulipia zaidi. Tazama maneno kuhusu mali iliyoachwa bila uangalizi, kwa kuwa meza ya duka wakati mwenyewe yuko kaunta inaweza kuhesabiwa hivyo. Na kama unauza kadi kila wiki, waambie. Wakigundua baadaye kwamba ni biashara, wanaweza kukataa kulipa.

Bima maalumu ya wakusanyaji hukubaliana nawe thamani mapema au hulipa bei ya soko, na nyingi hufunika kadi zikiwa safarini, kwenye maonyesho na posta. Inaanza kuwa na maana mkusanyiko unapofika maelfu. Kwa zote mbili, watakachokuomba siku ya msiba ni picha, risiti na namba ya taarifa ya polisi, ile ambayo Tanzania tunaiita RB na Kenya OB. Asiye na picha analipia bima asiyoweza kuidai.

Ikishauzwa, ni ya nani?

Hapa nchi hazifanani, na ni vizuri kujua kabla ya kununua au kudai. Uingereza kanuni ni kwamba mwizi hawezi kumpa mtu umiliki asiokuwa nao, hata kama mnunuzi ni mtu safi. Zamani aliyenunua kwenye soko la wazi, kati ya kuchomoza na kuzama kwa jua, alilindwa hata kama mali ilikuwa ya wizi. Sheria hiyo ya ajabu ilifutwa Januari 1995. Lakini saa inahesabu: ikipita miaka 6 tangu mtu wa kwanza alipoinunua kwa nia njema, haki ya mwenyewe inakwisha.

Japani, nyumbani kwa kadi hizi tangu 1996, muda ni miaka 2 tangu kuibwa, na kama mnunuzi wa nia njema aliipata mnadani au kwa mfanyabiashara wa bidhaa za namna hiyo, anayeidai anapaswa kumrudishia alicholipa. Kwa upande mwingine, sheria yao ya bidhaa za mitumba inamtaka mfanyabiashara athibitishe muuzaji ni nani kwa manunuzi ya kuanzia yen 10,000. Huku kwetu duka moja linaomba kitambulisho na la jirani yake haliombi. Mimi huuza na kununua kwenye linaloomba, na nimemfundisha mpwa wangu kuuliza.

Nani achague nini

Mtoto au kijana anayecheza: albamu mbili, picha za kurasa, mkanda mguuni. Inatosha. Usimnunulie sefu.

Mtu mwenye kadi kumi au ishirini za maana, jumla ya pauni elfu mbili tatu: picha kamili kwanza, kisha pimisha zile tano bora, kisha piga simu bima ya nyumba. Kama nafasi ya kulipia ni moja tu kati ya sefu na kupimisha, ningepimisha. Mkusanyiko wa maelfu mengi unahitaji sefu ya boliti au sanduku la nje, pamoja na bima maalumu, na mwenye nao asionyeshe sebule yake mtandaoni.

Mwenye kuweka maboksi kwa ajili ya kuuza aanze na bima na mlango.

Na ikitokea leo, toa taarifa polisi saa hiyo hiyo uchukue namba, kisha tuma picha kwa maduka yote ya kadi ya mji wako na miji ya jirani kabla hayajafungwa, maana siku ya kwanza ndiyo ambayo kadi huletwa kaunta. Weka tahadhari za utafutaji kwenye masoko ya mtandaoni ya eBay, Cardmarket, Vinted na Facebook kwa jina na namba ya kadi. Ukiiona, piga picha ya skrini yenye jina la muuzaji na tarehe, uwapelekee polisi. Usimwandikie muuzaji. Mimi nilimwandikia, na baada ya dakika arobaini tangazo likatoweka.

Jumapili jioni sasa meza yetu ya jikoni inakuwa studio. Mpwa wangu analaza taa pembeni, anaweka kadi mpya juu ya karatasi nyeusi, anaigeuza, anapiga kona nne, anasoma kwa sauti alichokiona nami naandika: "Juu kulia, nukta ya buluu. Nyuma, hamna kitu."